Magunia Manne, Namba Nne: Forodha Inavyozisoma Kemikali za Amino

Mchanganyaji wa chakula cha kuku akifika hatua ya kuagiza malighafi mwenyewe kutoka nje, swali hili halikosi kumfikia wakala wake wa forodha. Laisini, threonini, methionini na triptofani zote ni asidi amino. Zote humwagwa kwenye mashine moja ya kuchanganyia na kuishia tumboni mwa kuku yuleyule. Basi kwa nini kwenye hati za forodha kila moja ina namba yake? Laisini ni 2922.41, threonini 2922.50, methionini 2930.40 na triptofani 2933.99. Wengi hudhani wakala amekosea, au kwamba kuna mtu anatafuta mwanya wa kuwatoza zaidi.

Hakuna aliyekosea. Kwa kemikali za aina hii, forodha haianzi kwa kuuliza kitu kinatumika wapi. Inaanza kwa kuuliza molekuli yake imebeba nini. Matumizi huja baadaye, na mara nyingi hayaji kabisa. Ukilielewa hilo utaweza kukisia namba ya kemikali nyingi kabla hujafungua kitabu cha ushuru. Muhimu zaidi kwa mfuko wako, utajua ni wapi mzigo unaweza kuhamishwa kutoka namba moja kwenda nyingine ukiwa tayari umeshuka bandarini.

## Namba inavyosomwa

Namba hizi zinatoka kwenye mfumo wa dunia nzima wa kupanga bidhaa, unaojulikana kwa kifupi kama HS. Unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels, na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Leo unatumiwa na zaidi ya nchi na maeneo 200, na hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Toleo linalotumika sasa ni la 2022.

Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kila mahali, iwe Dar es Salaam, Mombasa, Shanghai au Rotterdam. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 zaidi kwenye kitabu chake cha Ushuru wa Pamoja wa Nje, hivyo laisini kwetu huandikwa 2922.41.00. Isome hivi:

- 29 ni sura ya kemikali ogani, yaani kemikali ambazo mhimili wake ni kaboni.
- 2922 ni kifungu: kemikali zenye amino pamoja na kikundi cha oksijeni.
- 2922.41 ni kifungu kidogo: laisini, esta zake na chumvi zake.
- 00 maana yake ni kwamba Jumuiya haikuona haja ya kuigawa zaidi.

Jina la sura lililoandikwa juu ya ukurasa ni la kukuelekeza tu. Kinachoamua kisheria ni maneno ya kifungu chenyewe, pamoja na maelezo yaliyochapishwa mwanzoni mwa sehemu na mwa sura. Waagizaji wengi huyaruka maelezo hayo na kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya namba. Ni hasara kubwa, kwa sababu karibu ugomvi wote wa Sura ya 29 humalizwa na maelezo hayo.

## Amino ni nini, na oksijeni ipi?

Kikundi cha amino ni atomu ya naitrojeni iliyoshikana na kaboni, huku nafasi zake zilizobaki zikijazwa na haidrojeni au kaboni nyingine. Pua yako inaijua jamii hii. Harufu ya samaki aliyeanza kuharibika inatokana na kemikali iitwayo trimethilamini: naitrojeni moja, kaboni tatu pembeni yake, hakuna oksijeni. Kwa kuwa haina oksijeni, haimo katika 2922. Imo katika kifungu kinachotangulia, 2921, penye amini tupu.

Ili kemikali iingie 2922 inahitaji pia kikundi cha oksijeni, na si oksijeni yoyote. Maelezo ya Sura ya 29 yanasema vikundi vinavyohesabika ni vile vilivyotajwa kwenye vifungu 2905 hadi 2920 tu. Vya kawaida ni hivi:

- alkoholi, kama ethanoli iliyo kwenye spiriti ya kusafishia kidonda;
- fenoli, ambayo ni oksijeni na haidrojeni zilizoshikana moja kwa moja na pete ya kaboni sita;
- aldehaidi, kama ile iliyo kwenye formalini ya maabara;
- ketoni, kama asetoni ya kufutia rangi ya kucha;
- asidi, kama ile ya siki;
- esta, ambazo ndizo zenye harufu ya ndizi mbivu na matunda mengi.

Ndani ya 2922 mpangilio unafuata vikundi hivyohivyo. Kwanza zinakuja amino-alkoholi, kisha amino-fenoli, kisha zenye aldehaidi au ketoni, kisha asidi amino. Mwisho kabisa ni 2922.50, panapokaa zile zenye zaidi ya aina moja ya oksijeni.

## Magunia manne kwa karibu

Sasa turudi kwa kuku wetu, tuzikague molekuli moja moja.

Laisini ina kaboni sita kwenye mstari. Upande mmoja kuna kikundi cha asidi, na kwenye mnyororo huo kuna amino mbili, moja karibu na asidi na nyingine kwenye ncha ya pili. Ina amino, na ina aina moja tu ya oksijeni, yaani asidi. Kwa hiyo inakaa kwenye kundi la asidi amino, na kwa kuwa biashara yake ni kubwa duniani imepewa mstari wake yenyewe, 2922.41. Ile inayoletwa na meli kwa kawaida ni chumvi yake, laisini haidrokloridi. Kifungu kidogo kinataja chumvi waziwazi, hivyo hapo hapana tatizo.

Threonini ni fupi zaidi. Ina amino na asidi, lakini pia ina alkoholi ubavuni. Oksijeni zimekuwa za aina mbili. Kundi la asidi amino linakataa kwa maneno yake lenyewe kemikali yenye zaidi ya aina moja ya oksijeni, kwa hiyo threonini inasogezwa hadi 2922.50. Hii ndiyo sababu majirani wawili wanaouzwa na kiwanda kimoja, mara nyingi kwenye ankara moja, wanaandikwa mistari tofauti.

Methionini ina amino na asidi kama wenzake. Ila katikati ya mnyororo wake kuna atomu ya salfa iliyoshikana na kaboni pande zote mbili, na salfa ya namna hiyo ina kifungu chake, 2930. Humo methionini imepewa mstari wake, 2930.40.

Triptofani ina kitu kingine: pete mbili zilizoungana, na kwenye moja ya pete hizo naitrojeni imeingia kuwa sehemu ya pete yenyewe. Kemikali za namna hiyo, ambazo pete yake ina kaboni na naitrojeni pamoja, hukusanywa katika 2933. Amino na asidi zake zipo palepale, lakini haziwezi tena kuiweka 2922.

Ukitaka kupima kama umeelewa, chukua asidi amino nyingine zinazouzwa kwa wachanganyaji na watengenezaji wa virutubisho vya wanamichezo. Valini na leusini hazina kitu cha ziada, basi ni 2922.49, mstari wa asidi amino nyinginezo. Tairosini ina asidi na fenoli, basi 2922.50. Sisteini ina salfa, basi 2930. Histidini ina naitrojeni ndani ya pete, basi 2933.

Kwa kifupi: hesabu kwanza aina za oksijeni, kisha tafuta salfa, kisha tazama kama kuna naitrojeni iliyonaswa ndani ya pete.

## Kwa nini namba kubwa hushinda

Umeona kwamba methionini ingeweza kudai haki ya kukaa 2922, kwa kuwa ina amino na asidi, lakini imekwenda 2930. Kanuni inayoamua ni ya tatu katika maelezo ya Sura ya 29. Inasema kwamba bidhaa ikiweza kuingia katika vifungu viwili au zaidi vya sura hii, iwekwe kwenye kile kinachokuja mwisho kwa mpangilio wa namba.

Kanuni hii moja hutatua mambo mengi. Adrenalini, dawa inayochomwa mtu anapozidiwa na mzio, ina amino, alkoholi na fenoli. Kwa molekuli yake ingekuwa 2922.50 bila ubishi. Lakini adrenalini ni homoni, na homoni zina kifungu 2937, ambacho kiko mbele zaidi. Inakwenda 2937. Efedrini nayo ina amino na alkoholi. Ila ni alkaloidi, yaani kemikali ya naitrojeni yenye asili ya mimea, na alkaloidi zinakaa 2939. Hata efedrini iliyotengenezwa kiwandani bila kugusa jani inakwenda hukohuko, kwa sababu 2939 inazitaja alkaloidi za asili na zile zilizotengenezwa upya kwa kemia.

## Naitrojeni ambayo si amino

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na chanzo chake ni jicho kuona naitrojeni na oksijeni katika molekuli moja na kukimbilia 2922.

Paracetamol, dawa ya maumivu iliyo karibu kila nyumba, ina fenoli upande mmoja. Upande wa pili ina naitrojeni, lakini naitrojeni hiyo imeshikana na kaboni ambayo yenyewe imeshika oksijeni kwa mkono wa mara mbili. Muungano huo huitwa amaidi, na amaidi si amino. Tabia yake kikemia ni tofauti na kifungu chake ni tofauti: 2924. Cha kufurahisha ni kwamba malighafi ya kutengenezea paracetamol, para-aminofenoli, ina amino halisi na fenoli, basi hiyo ni 2922.29. Kiwanda cha dawa kinachoagiza malighafi hiyo na paracetamol iliyokwisha kutengenezwa kinahitaji namba mbili, ingawa molekuli moja hugeuka nyingine kwa hatua moja tu ya kazi.

Mfano wa pili unamhusu mkulima. Urea, mbolea ya kukuzia mahindi, ni kemikali ogani kamili: kaboni moja, oksijeni moja, naitrojeni mbili. Kwa mantiki tupu ingeingia Sura ya 29. Lakini maelezo ya sura hiyo yanaitoa kwa jina na kuipeleka Sura ya 31 ya mbolea, kwenye 3102.10, iwe safi au isiwe safi. Ikifungwa kwenye vifurushi visivyozidi kilo 10 kwa uzito jumla, inakwenda 3105. Kwa hiyo hata urea safi ya kiwandani, isiyokusudiwa kuliona shamba, huandikwa kama mbolea. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha nguvu ya maelezo ya sura. Yakimtaja mtu kwa jina, kemia inanyamaza.

## Safi, au mchanganyiko?

Baada ya molekuli, swali la pili la forodha ni hali ya bidhaa. Sura ya 29 inapokea kemikali moja inayojulikana, hata ikiwa na uchafu uliobaki kutokana na utengenezaji. Inapokea pia:

- kemikali iliyoyeyushwa katika maji;
- kemikali iliyoyeyushwa katika kiyeyushi kingine, mradi iwe kwa ajili ya usalama au usafirishaji tu;
- kemikali iliyoongezwa kihifadhi kinachohitajika, au kitu cha kuzuia isigandamane au isitoe vumbi, au rangi ya kuitambulisha.

Isichopokea ni mchanganyiko ulioandaliwa kwa matumizi maalumu. Na hapa, kwa wachanganyaji wa chakula cha mifugo, ndipo fedha hupotea.

Laisini hutengenezwa kwa kuwalisha sukari bakteria waitwao Corynebacterium glutamicum kwenye matangi makubwa. Bakteria hao hutoa laisini, kisha kiwanda huchagua njia. Njia ya kwanza ni kuisafisha hadi ibaki laisini haidrokloridi ya 98.5% au zaidi. Hati ya uchambuzi ya bidhaa hiyo ni rahisi kuitambua. Unaona chembe nyeupe au za kahawia hafifu, kiwango kisichopungua 98.5%, unyevu usiozidi 1%, majivu yasiyozidi 0.3%. Hiyo ni 2922.41.

Njia ya pili ni kukausha kila kilichomo tangini pamoja, laisini na mabaki ya bakteria, na kupata chembe za kahawia zinazouzwa kama laisini salfeti ya 70%. Humo laisini yenyewe ni karibu nusu ya uzito. Kilichobaki ni salfeti, asidi amino nyingine na mabaki ya uchachushaji. Mabaki hayo hayakubaki kwa bahati mbaya. Yameachwa makusudi kwa sababu nayo ni lishe kwa mnyama. Uchafu ulioachwa makusudi ili bidhaa ifae kazi fulani hauhesabiki tena kuwa uchafu, kwa hiyo bidhaa hii huchukuliwa kuwa kiandalizi cha chakula cha mifugo na kuandikwa 2309. Majina mawili yanayokaribiana, sura mbili zilizo mbali sana. Ankara ikisema "laisini" tu, bila kueleza ni ipi, wakala anabahatisha.

Kolini kloridi, kirutubisho kingine cha kuku, inaonyesha jambo hilohilo vizuri zaidi. Ina naitrojeni iliyoshika kaboni nne, na hivyo ni ya 2923. Ikija kama kimiminika cha 75% ndani ya maji inabaki 2923.10, kwa sababu maji yanaruhusiwa. Ikija kama unga wa 60% uliomwagiwa juu ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa, inakuwa kiandalizi, na inakwenda 2309.90. Magunzi hayakuwekwa kwa ajili ya usalama wa safari. Yamewekwa ili kolini ichanganyike sawasawa na pumba na mashudu.

Jikoni nako kuna mfano wake. Mwaka 1908 mwanakemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichambua mchuzi wa mwani uitwao kombu na kugundua kwamba utamu wake wa pekee unatokana na glutamati. Mwaka uliofuata chumvi yake, monosodiamu glutamati, ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto, jina ambalo wapishi wengi wa kwetu wanalitumia kwa kila unga wa aina hiyo. Asidi ya glutamiki ina amino moja na asidi mbili. Ni mbili, lakini ni aina ileile moja ya oksijeni, kwa hiyo haisogezwi. Pamoja na chumvi zake inakaa 2922.42, hata ikiwa imefungwa kwenye pakiti ndogo za dukani. Changanya unga huo na chumvi ya mezani, pilipili manga na vitunguu vilivyokaushwa, na tayari ni kiungo mchanganyiko cha 2103.90.

## Kidonge, kopo na pakiti

Swali la tatu ni ufungashaji. Kwa bidhaa kadhaa zilizotajwa kwa namba, dawa na vipodozi vikiwemo, maelezo ya Sehemu ya VI ya kitabu cha ushuru yanasema kwamba kitu kilichowekwa katika dozi au kufungwa kwa ajili ya rejareja kinafuata kifungu cha matumizi hayo, si cha molekuli.

Diklofenaki ina amino na asidi. Ikiwa unga kwenye pipa ni 2922.49. Ikiwa vidonge ni dawa, 3004.

Rangi za nywele zinafuata njia hiyohiyo, na nitaongeza neno kwa sababu jambo hili linagusa ngozi za watu wetu. Piko, ile rangi nyeusi inayochorwa pamoja na hina mikononi na miguuni mwa maharusi wa Unguja, Lamu na Mombasa, mara nyingi hutokana na unga wa rangi ya nywele wenye parafenilinidiamini. Molekuli hiyo ina amino mbili na haina oksijeni, hivyo ikiwa peke yake ni 2921.51. Ikiondolewa amino moja na kuwekwa fenoli inakuwa para-aminofenoli ya 2922.29, nayo hutumika kwenye rangi za nywele. Zikishaingizwa kwenye rangi iliyofungwa tayari kwa duka, zote zinapotelea katika 3305.90, vipodozi vya nywele. Namba hiyo haimwambii mtu kilichomo. Parafenilinidiamini inajulikana kuunguza na kuleta mzio mkali kwa baadhi ya watu. Anayeingiza pakiti hizo anapaswa kuisoma orodha ya viambato mwenyewe, asitegemee namba ya forodha imlinde bibi harusi.

## Kama ushuru ni 0%, kwa nini nihangaike?

Tangu tarehe 1 Julai 2022 Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki una madaraja manne makuu: 0%, 10%, 25% na 35%. Kemikali nyingi za Sura ya 29 ni malighafi, na zimo kwenye daraja la 0%. Kutokana na hilo kumezuka mazoea ya kuandika namba yoyote ya sura hiyo, kwa kuwa "yote ni sifuri". Mazoea hayo ni ya hatari kwa sababu mbili.

Ya kwanza umekwisha kuiona. Mchanganyiko unaweza kutoka kabisa katika sura hiyo na kuangukia daraja jingine, na pengo litadaiwa hata baada ya mzigo kuuzwa. Ya pili ni kwamba namba hubeba vibali. Mfumo wa forodha unapoisoma namba, ndipo unapojua ni taasisi gani iulizwe kwanza. Tanzania, kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na dawa na malighafi zake na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Namba isiyo sahihi hupeleka mzigo kwa taasisi isiyohusika, na siku za kontena bandarini zinahesabiwa.

Kifungu 2922 chenyewe kimebeba vitu vizito. Methadoni ina mstari wake, 2922.31, pamoja na dawa nyingine mbili zinazodhibitiwa. Ni dawa ileile inayotumika kuwasaidia waraibu wa heroini, tiba ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianzisha mwaka 2011. Tramadoli imo 2922.50, na nchi nyingi zimeiwekea udhibiti wake. Ketamini, dawa ya usingizi, imo 2922.39.

Kisha kuna trietanolamini. Ni kimiminika kizito kinachowekwa kwenye krimu, shampuu na viongezo vya kusagia saruji: naitrojeni moja yenye mikono mitatu, na kila mkono unaishia na alkoholi. Lakini mikono hiyo ikibadilishwa kuwa na klorini, kinachopatikana ni gesi ya haradali ya naitrojeni, silaha ya sumu. Kwa hiyo trietanolamini imeorodheshwa kwenye Jedwali la 3 la Mkataba wa Kuzuia Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997. Ili iweze kufuatiliwa vizuri zaidi, toleo la HS la 2017 liliitenga. Hapo awali trietanolamini na chumvi zake zilikuwa pamoja katika 2922.13. Sasa yenyewe ni 2922.15, na chumvi zake zimehamia 2922.19. Ankara ikikujia na 2922.13, jua kwamba muuzaji anatumia kitabu cha zamani, na umrudishie arekebishe kabla meli haijaondoka.

Kwa kifupi: 0% ni kiwango cha ushuru tu. Vibali, udhibiti na adhabu ya tamko la uongo vina hesabu yake tofauti.

## Unachopaswa kuwa nacho mkononi

Wakala mzuri hawezi kukuainishia kemikali kwa jina la biashara. Mpe vitu hivi kabla hujalipia mzigo:

1. Namba ya CAS, ambayo ni kitambulisho cha kimataifa cha kila kemikali. Laisini haidrokloridi ni 657-27-2, monosodiamu glutamati 142-47-2, trietanolamini 102-71-6.
2. Mchoro wa molekuli. Muuzaji yeyote wa kweli anao.
3. Hati ya uchambuzi ya shehena hiyohiyo, si ya mfano iliyotolewa mtandaoni.
4. Maelezo ya kila kilichoongezwa, kiasi chake, na sababu ya kukiongeza. Sababu ndiyo inayotenganisha kihifadhi kinachoruhusiwa na kiandalizi.
5. Picha ya kifungashio na maandishi yake.

Kama bado kuna shaka, omba uamuzi wa awali wa Kamishna wa forodha kuhusu namba. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu. Kwa mtu anayeagiza bidhaa ileile mara kwa mara, naona hakuna hatua yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Na mzigo ukishafika, afisa akiweka namba usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu siku ya uamuzi kumwandikia Kamishna kuomba aupitie upya, ukieleza sababu. Andika sababu kwa lugha ya kitabu cha ushuru: taja kanuni ya maelezo ya sura unayoitegemea, ambatisha mchoro wa molekuli na hati ya uchambuzi, na onyesha kila kiambato kimewekwa kwa nini. Barua inayolalamika kwamba mzigo ni wa kiwanda kidogo, au kwamba mwaka jana ulipita bila shida, haimpi Kamishna kitu cha kushika. Naye ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya hadi zikapita, sheria inahesabu kwamba ombi lako limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 za kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi.